Machozi ya Tai na Shaba ya Mwaitu

Nilitoka mjini Wote asubuhi kwa sababu ya bangili za shaba. Ndizo mama yetu, mwaitu, alizotuachia mimi na ndugu yangu Muthama. Waya wa bangili hizo aliuvuta babu kwa mkono. Sasa Muthama alinipigia simu kutoka Mwingi: nizilete aziyeyushe, amepata kitabu cha Kiarabu cha zamani kinachogeuza shaba kuwa dhahabu. Nilinusa utapeli. Lakini nusu ni zake, na mimi nani nimkatalie?

Njiani, katika mji wa Kabati, nilishuka kunywa chai. Mwanamume mmoja akaniuliza nimebeba nini, nikasema maharagwe. Labda alitaka tu kunisaidia mzigo. Sijui. Siku hiyo kila mtu alikuwa na uso wa mwizi.

Mwingi nilifika mchana. Ndani ya kibanda cha kuku alikuwemo tai. Tai mzima! Muthama amechuchumaa mbele yake anakata vitunguu.

"Unafanya nini?"

"Nangoja alie, dada. Kitabu kinataka machozi yake."

Aliyekuwa akilia ni Muthama.

Nikataka kumwona aliyemsomea Kiarabu hicho. Ni jirani, Mwalimu Halima wa madrasa. Nikamuuliza usoni yeye anapata nini.

"Kuku mmoja, Mama Mwende. Tena mzee, nimemchemsha mpaka gesi ikaisha."

Akafungua kitabu. Ni shairi: bibi arusi anavua nguo nyekundu, anaoga machozi ya tai, anatoka amevaa jua.

"Watu hao walificha kazi yao kwa mafumbo," akasema. "Bibi arusi ni shaba, jua ni dhahabu. Tai ni chumvi inayoruka kama moshi ukiichoma. Ndugu yako aliposikia tai, akakimbia kutafuta ndege."

"Na dhahabu waliipata?"

"Wengine walichoma mali yao yote. Wengine, naona, walisimulia roho inavyosafishwa. Hakika sijui."

Tapeli angedai anajua. Nikaanza kujishuku mimi.

Muthama yeye alishawaka: chumvi hiyo mafundi wa bati wanayo! Nikamwomba ajaribu bangili moja kwanza, ya fungu lake. Akaenda kuomba chumvi kwao, akaipasha bangili kwenye makaa uani, akainyunyizia. Moshi mweupe, tukakohoa sote. Akaitoa kwa koleo, akaisugua na kitambaa.

Weusi wote ulikuwa umetoka. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na ilikuwa shaba.

Muthama akaigeuzageuza. "Hivi ndivyo mwaitu alivyoivaa?"

"Labda kabla hatujazaliwa."

Jumamosi nilirudi Wote na fungu langu. Lake nilimwachia, ingawa moyo ulikataa. Nilichojifunza ni kidogo: shairi halikumdanganya mtu, na mwalimu nilimshuku bure.

Jumapili Muthama akapiga simu. Nikaogopa kuuliza, nikauliza.

"Tai nimemfungua. Bangili nimezisafisha zote, mke wangu amezivaa kanisani. Pasta ameniita kando, anataka kujua tumetoa wapi dhahabu."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba ni shaba ya mwaitu. Amekataa kuamini."