Bati la Korosho

Moshi wa maganda ya korosho umeingia dirishani sasa hivi, ule unaokaba koo, nami nimejikuta nacheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo, uani kwa bibi, huko kijijini Mtawanya. Bibi alikuwa akichoma korosho kwenye bati lililotobolewa matundu. Pembeni, mama mdogo, bintiye wa mwisho, alikumbatia kitabu cha fizikia. Kesho yake ilikuwa mtihani, na swali moja lilikuwa limemliza: kwa nini nishati ya nyuklia itoke kwenye urani, isitoke kwenye chuma?

Korosho moja ikapasuka, ikatema mafuta yanayowaka. Ya jirani ikashika moto, nayo ikatema. Kufumba na kufumbua, bati zima linanguruma.

Mama mdogo akaruka juu. "Mama, usizime! Ndiyo urani hiyo! Nyutroni moja ikipiga kiini cha atomu yake, kinapasuka, kinatoa joto na kutema nyutroni nyingine, nazo zinapasua viini vya jirani! Chuma hakitemi kitu, mambo yanaishia palepale!"

"Na korosho zangu je?" Bibi akamwaga mchanga, moto ukafa.

"Na hivyo ndivyo wanavyoutuliza moto wa urani kwenye vinu vya nyuklia! Wanaweka kitu cha kuzimeza nyutroni!"

Bibi akamkazia macho, kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

"Hakuna," akasema. "Mwanangu kalishinda swali."

Asubuhi mama mdogo alikwenda kwenye mtihani vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho, anatembea kama mtu anayekwenda kuchukua chake.