Kibuyu Kilichorudi na Uduvi

Enzi zetu pale Mkongo, chombo cha jirani hakikurudi kitupu. Ukiletewa bakuli la futari, unalirudisha na mihogo, hata vipande viwili. Mama yangu aliishika sheria hiyo kuliko wote. Akikosa kabisa, alitia chumvi.

Kisha wakahamia wafugaji wa Kisukuma ng'ambo ya shamba letu. Binti yao, Kabula, tukakaa naye dawati moja. Alinifundisha kukamua, nami nikamfundisha mchezo wa rede, tukawa tunarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikumtaka.

Siku moja mama yake akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Tuliyanywa yakaisha. Mama akakisugua kibuyu kwa sabuni, akakijaza uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa, alioletewa na mjomba kutoka Delta. Uduvi hasa, wa kunukia mtaa mzima. Nilikipeleka mwenyewe, najiona.

Kesho yake Kabula akahama dawati. Rede hachezi, salamu haitiki. Nililia siku tatu, nikamwendea kumuuliza, ndipo akanitolea uvivu.

"Mama anasema mmetudharau. Kibuyu cha maziwa mmekiosha kwa sabuni, mkakitia samaki! Kimeharibika. Kwetu kinarudi kitupu, na harufu yake ya maziwa."

Nilipomweleza mama, alishika kichwa. "Masikini, kumbe nimemtukana mwenzangu, na mimi nilidhani namheshimu."

Akatafuta kibuyu kipya mpaka Ikwiriri. Nilimwona akifunua mtungi wa mchele, akiufunika, akiufunua tena. Mwisho akakibeba kitupu, mara ya kwanza maishani mwake, nami nikamfuata nyuma.

"Mama Kabula, kwetu kitupu ndiyo dharau," alisema kwa aibu. "Lakini chako nimekuletea hivihivi."

Mama Kabula alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe! Sisi tulidhani mnatufukuza."

Jumatatu Kabula alirudi kwenye dawati letu.

Vijana wa leo wakiletewa chakula wanakipiga picha kwanza, wanatuma maua ya kwenye simu, na bakuli linasahaulika uvunguni. Kiswahili wanakijua wote, tena cha Dar, lakini muulize mmoja jirani yake anaudhiwa na nini, atakukodolea macho. Nawaonea huruma. Sisi tulikosea, lakini tulikwenda kuuliza.

Mama alipofariki, Kabula alileta maziwa msibani. Tulipoyamaliza nilimrudishia kibuyu chake kitupu, bila kukiosha. Alikipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akaanza kulia.