Mpima Mipaka na Nyumba Kumi na Sita za Sidra

Saa moja asubuhi. Marhoon Suud anavua viatu, anakunja kanzu mpaka magotini na kuingia kwenye mfereji unaonywesha mitende ya Ansab. Penseli moja anayo mkononi, ya pili ameichomeka kofiani. Anayafuata maji nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni swali lake ni moja: "Zamu yenu ya maji mnaipata wapi?"

Marhoon, mwenye miaka 38, ni mpima mipaka wa serikali mpya. Desemba hii ya 1970 amepewa kuchora pale kijiji cha Ansab kinapokwisha na cha Khuwair kinapoanzia. Katikati kuna kitongoji cha Sidra, nyumba kumi na sita ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Leo, Alkhamisi, wazee wa pande zote mbili wasipoukubali mpaka, kazi yake ya majaribio imekwisha, na mkewe Rahila ataendelea kumsubiri Dubai.

"N'limwambia Rahila, sikuiti mpaka nipate pa kukuweka," anasema. "Miaka sita tunalala vyumba vya watu."

Upimaji aliujulia Pemba, akiburuta mnyororo wa kupimia katika mashamba ya mikarafuu hadi 1964. Na ujuzi huohuo ndio uliomponza. Kule mpaka ukipita mtoni, maneno yamekwisha. Alipofika Sidra akaona bonde pana kavu, akapigilia vigingi arubaini ukingoni mwake na kurudi mjini Matrah akitembea kama bwana harusi.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha milimani. Sidra halikuanguka hata tone, lakini wadi, lile bonde kavu, ilijaa maji ikashuka na vigingi vyote. Ilipokauka ilikuwa imejichimbia njia mpya, upande wa pili wa nyumba saba. Kwa ramani ya Marhoon, familia saba zilihamia Khuwair huku zinakunywa kahawa.

Watu walicheka siku nzima. Aliyecheka zaidi ni Bi Kheiria, mjane aliyekaa Wete miaka ishirini akarudi na Kiswahili chake chote.

"Mwanangu, hii si mito ya Pemba," alimwambia. "Wadi leo hapa, kesho kule. Huku mtu hujulikana kwa maji anayokunywa. Kaulize zamu."

Ni kweli. Kila nyumba ina zamu yake kwenye mfereji wa Ansab au wa Khuwair, wenyewe huuita falaji, na zamu hurithiwa. Alikokunywa babu ndiko aliko mjukuu. Kwa hiyo Marhoon ameanza upya, safari hii miguu ikiwa majini, na mlango wa mwisho ni wa Bi Kheiria mwenyewe, anayekunywa na Ansab. Hesabu imekamilika: nyumba kumi na moja zinakunywa na Ansab, tano na Khuwair.

Saa nne wazee wanaizunguka ramani. Mstari umepindapinda, wala hapana anayebisha, maana kila mmoja anauona mfereji wake. Wanatia dole gumba mmoja mmoja. Marhoon anafuta macho na kusingizia vumbi.

"Nna vyumba viwili vya uani, sina mtoto," Bi Kheiria anamwambia. "Mlete mkeo. Maji ya zamu yangu yatatutosha, inshallah."

Marhoon anapanga kupima wilaya yote ya Bawshar, kijiji kwa kijiji, akiuliza maji kwanza. Lakini kabla ya hapo ana barua ya kumwandikia Rahila, na kwa mara ya kwanza tangu 1964 anayo anwani ya kuweka juu yake: Sidra ya Ansab, kwa Bi Kheiria.