Mreno Aliyekunywa Maji ya Mama

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku wapigania uhuru wa ng'ambo ya Ruvuma walipomleta Mreno nyumbani kwa mama yangu, hapa hapa Chilangala. Ndege yake walikuwa wameiangusha wao wenyewe. Wenzake walikufa, yeye akatoka na mguu uliovunjika. Kazi yake ndani ya ndege ilikuwa kufungulia mabomu. Wakamwomba mama amfiche mpaka wapate gari la kumpeleka Masasi akatibiwe, na mama akakubali hata kabla hawajamaliza kueleza.

Mimi nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mdomo ninao, na ndiyo kwanza nimepandisha maji kutoka bondeni. Wewe umekulia kwenye bomba, hujui kilima kile kinavyokata pumzi. Mama alipochota kata ampe mgonjwa, nikasema maji yangu hanywi muuaji.

"Yakishaingia mtungini kwangu ni yangu," akanijibu. "Kaa chini."

Yule Mreno akaitazama kata, akafunga mdomo. Alidhani ni sumu, maskini. Hakujua kwamba kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, na ukishaonja ukampa mtu, huyo ni mgeni wako, uhai wake uko juu yako. Mama akaonja, akampa tena. Akanywa mpaka akapaliwa.

Haikupita muda mrefu, habari zikamfikia mjomba, akaja na panga. Mjomba kwetu ndiye mwenye kauli ya mwisho, na huyu mkewe aliuawa na bomu ng'ambo, alikokwenda kumuuguza mama yake. Alisimama mlangoni amelikamata panga, lakini adabu haikumtoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Baba Salima."

"Nipishe."

Mama hakubishana naye. Akachota kata ile ile, akaonja, akamnyooshea. "Umepanda kilima na jua hili. Kunywa kwanza. Mwenzako ameshakunywa."

Mjomba alielewa. Akinywa, yeye na Mreno ni wageni wa nyumba moja, na panga halina kazi tena. Asiponywa, amemkana dada yake. Alisimama, mwanangu, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndege. Kisha akanywa. Akaketi pale pale kizingitini, akalia kwa sauti akimtaja mkewe, yeye ambaye tangu msiba hatukuwa tumeona chozi lake. Mama akakaa naye mpaka akanyamaza.

Mreno alichukuliwa akiwa hai, na hatukumwona tena. Sasa ninyi vijana wa soko huria, mnaopima kila kitu kwa bei ya korosho, mnaniuliza tulipata faida gani kwa mtu yule. Hakutuletea hata sindano. Faida yetu ilikuwa mjomba. Alizeeka hapa akicheza na wajukuu, analala usingizi wake wote, hana mtu aliyechinjwa na mkono wake wa kumjia ndotoni. Hiyo hakuna mnunuzi anayeweza kuileta kwa lori.

Basi nakuusia. Anayefika kwako hana nguvu, mpokee kwanza. Makosa yake wapo wa kuyahukumu. Na ndugu yako akija na hasira, usimpishe kwa woga wala usimtukane. Mpe namna ya kuacha bila kudhalilika, kisha kaa naye alie.

Mungu akujalie nyumba ambayo mwenye panga akiingia, atatoka na mikono safi.