Siku ile maharagi ya cercle iliungua

Mucheke tu, mie mwenyewe nilisha kucheka: njo mie mwanamuke mwenye kukimbiza baandishi wote ya Butembo na sufuria moja ya maharagi.

Ilikuwa wakati wa vita. Kila Siku ya Mungu, misa ikiisha, banaume ya cercle yetu, kile kikundi ya baandishi, banasomeana mashairi mu salle, na sisi bamama tunapika inje (nasi tulikuwa tunaandika, lakini nani aliuliza?). Siku ile rafiki yangu Kavira alitoka Beni, barrière kwa barrière mu njia, basoda na bunduki banapekua mpaka mutoto ya mugongo, sababu Président wa cercle alimuahidi: batu bakisha kula, utasoma shairi yako. Donc yote ilikuwa juu ya sufuria yangu.

Kavira aliogopa kusoma mbele ya batu, akaniomba nimusikilize kwanza. Nikasema maharagi ya kule Kipese ni magumu, itangoja. Nikasukuma kuni, tukaenda nyuma ya jikoni, akaanza (ilikuwa juu ya mama mwenye kuzika mutoto wake na kesho yake anaenda kulima, sababu njaa haijui kilio), nikalia, nikamwambia rudilia, akarudilia, bamama wengine bakakuja, kumbe maji ya sufuria imekauka, na moshi inaingia mu salle, kwenye Président alikuwa anasoma shairi yake ndefu juu ya ushujaa. Mumoja akasema vita imefika, banachoma muji. Banaume wote inje, mbio mu migomba! Président alipitia dirisha, kipande ya suruali ikabakia kwa musumari, na bajirani kuona vile, nao bakakimbia, mpaka soko ikafungwa.

Balirudi mumoja mumoja. Balipoona sufuria yangu nyeusi, Yezu wangu, nilitamani udongo unimeze. Niliomba pardon mpaka nikachoka. Président, mukono mumoja nyuma kwa suruali, akasema: "Hakuna chakula, hakuna kusoma. Bamama barudi kwao."

Hapo haya ikaisha, ikabakia kasirani. Nikasema mu roho: huyu mwanamuke alipita mbele ya bunduki, na wewe ulishindwa na moshi! Nikamushika Kavira mukono, tukaingia mu salle, bamama bakakaa kwa viti yote. Kavira akasimama kwa meza, haogopi tena.

"Papa Président, niko nasoma. Mwenye njaa akwangue sufuria."

Akasoma mpaka mwisho. Banaume balisikiliza kwa mulango, bamesimama, Président na mugongo kwa ukuta.

Tuliapa sisi bamama wote: siku ya kusoma, hapana kupika tena. Siku ya Mungu iliyofuata nilikuja mikono mitupu, nikakaa mbele kabisa, nikamuuliza Président pole pole: "Papa, leo nani anapika?"