Siku Wanawake Walipokalia Majembe

Nyasi mbichi zilizofyekwa zina harufu tamu yenye ukali kidogo puani, na kwetu milimani, Mbinga, harufu hiyo ilimaanisha jambo moja tu: msimu wa ngoro umefika. Wanaume walifyeka mteremko na kuzipanga nyasi miraba miraba. Kisha wanawake wa kitongoji walikuja kwa ngokela, yaani kulimiana kwa zamu, wakazifukia kwa udongo hadi yakabaki mashimo, ndiyo ngoro zenyewe, yaliyopangana mlima mzima. Kazi hiyo haingoji. Udongo ukikauka, maharage ya mwaka huo usahau.

Nilikuwa darasa la nne rafiki yangu Skola alipoacha kuja shule. Alikuwa yatima, akilelewa na baba yake mdogo, Baba Festo, mwanakwaya mwenye sauti nzuri na mkono mzito. Nilimkuta kijitoni akifua nguo za nyumba nzima. Alipoinama, gauni lilivutika nikaona mgongo wake. Sitaueleza. Aliniapisha nisiseme, kisha akaniambia kwamba Jumamosi angepelekwa ziwani, Mbamba Bay, kuanika dagaa wa usipa kwa mama mmoja asiyemjua, na shule ndiyo basi. Siku tatu nzima niliitunza siri hiyo. Niliamini kabisa kwamba mtoto anayevunja kiapo hufa. Siku ya nne, Alhamisi, nikasema potelea mbali, nikamwambia mama huku nikilia kwa kuogopa kufa.

Mama alijifunga kitenge, akatoka kupita nyumba kwa nyumba.

Ijumaa ilikuwa zamu ya shamba la Baba Festo, na nyasi alikwisha kuzipanga. Wanawake walifika wote, majembe begani. Wakayalaza chini, wakakalia mipini. Baba Festo alicheka.

“Mama zangu, jua linapanda.”

“Tunaliona,” alijibu mama. “Kesho Skola haendi ziwani. Mlete hapa.”

“Mambo ya nyumbani kwangu hayawahusu.”

“Basi na ngoro ni mambo ya nyumbani kwako. Chimba.”

Akachukua jembe kwa hasira, akachimba shimo moja, likapinda vibaya. Wanawake wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Saa sita ilipofika alikuwa amelowa jasho, akamwita Skola. Shangazi yake Skola, aliyekuwa amekaa na wenzake, akamshika mkono na hakumwachia tena. Mtendaji wa kijiji akaitwa, akaandika kwamba mtoto anahamia kwa shangazi, na habari ya mgongo ule ikafika polisi. Hapo ndipo wanawake wakainuka wakalima, kwa sababu watoto wengine wa nyumba ile nao walikula kutoka shamba hilo. Jumatatu Skola alikaa kwenye dawati langu. Nilifurahi kupita kiasi, tena nilishangaa kwamba sijafa.

Leo mimi ni mwalimu, upande wa Kingerikiti. Watoto wetu tunawafundisha mapema kwamba siri ya maumivu si ya kutunzwa. Muhula uliopita, kipindi cha hesabu, msichana mmoja alikuja mezani kwangu na daftari. Nikadhani amekwama.

“Shikamoo mwalimu. Mjomba ananiumiza. Nataka kusema.”

Hakunong'ona. Kabla ya chakula cha mchana afisa ustawi wa jamii alikuwa amefika, na jioni hiyo mtoto alikuwa salama kwa bibi yake. Mimi nilihitaji siku nne na woga wa kufa. Yeye alisema kabla hajamaliza hesabu ya tatu.