Taa Nne za Trekta la Baba

Mimi ni fundi umeme wa magari, Nangurukuru, pale pale njia panda, na anayetaka kushangaa mwanamke kushika bisibisi na ashangae mpaka achoke. Mabasi yakipoteza taa yanaletwa kwangu. Malori yakigoma kuwaka yanaletwa kwangu. Nimeshabishana na madereva wa kila namna na hajatokea wa kunishinda mdomo. Lakini kazi ninayoikumbuka kila Mwezi Mtukufu ukiandama si ya basi wala ya lori. Ni taa nne nilizofunga kwenye trekta la baba yangu, shambani kwetu Kinjumbi.

Trekta lenyewe lilikuwa limenizidi umri. Lilikuwa jekundu zamani; mimi nililikuta limeshapauka, kiti cha chuma kimetandikwa gunia, halina paa wala mlango. Baba alilitoa kwenye shamba la mkonge lililofungwa, likiwa halitembei, akalibembeleza miezi mitatu mpaka likawaka. Utoto wangu wote niliamshwa na mngurumo wake. Mama alikuwa akisema ameolewa uke wenza, na mke mdogo anakunywa dizeli. Baba alikuwa akicheka, kisha anakwenda kumfuta vumbi mke mdogo.

Sasa, anayejua ufuta anajua kwamba haumngoji mtu. Mvua ikishatulia udongoni, unalima, unapanda, basi. Na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia humo humo kwenye kulima. Mchana jua la pwani linakukausha ulimi, na wewe umefunga. Kwa hiyo baba alikuwa na utaratibu wake. Akishakula daku na kuswali alfajiri anaingia shambani, jua likipanda anatoka. Jioni anarudi, anafuturia huko huko pembeni mwa shamba, muhogo wa nazi na uji wenye pilipili manga, anaswali magharibi, kisha analima mpaka karibu na isha. Harufu ya uji ule ukichanganyika na udongo uliopinduliwa sasa hivi, jamani, nikipewa leo nitalia.

Mwaka ninaousimulia, mama alinipigia simu sauti ikiwa juu. Baba alikuwa amepanda kisiki wakati wa kiza cha alfajiri, trekta limeinama upande, nusura limlalie. "Hapandi tena," mama akasema. "Njoo umwambie. Wewe anakusikiliza." Nikafunga banda langu, nikaenda nyumbani.

Baba nilimkuta barazani, kiwiko kimefungwa bandeji, amenuna. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa mkato. Mama alipoingia ndani tu, akanishika mkono.

"Mwanangu, mama yako anataka kunishusha. Sasa nikishuka nitakuwa nani? Lile trekta lina taa moja, tena hafifu. Nani asingepanda kisiki? Wewe ni fundi. Nifungie taa. Ukinifungia, nitaendelea. Usiponifungia, nitakaa hapa barazani nahesabu wapita njia mpaka mnizike."

Baba yangu hakuwa mtu wa kuomba. Kuniomba mimi, tena kwa kunong'ona, kulinivunja nguvu. Nikamwambia, "Hakuna wa kukushusha, baba." Nilisema kwa kinywa kipana kabisa, kama vile amri ni yangu.

Mama alikubali shingo upande. Taa zikifungwa na zikionekana zinatosha, baba apande; zisipotosha, ufunguo wa trekta anaushika mama. Tukakubaliana hivyo, sote watatu.

Kesho yake nikaenda kulitazama trekta. Astaghfirullah! Baba alikuwa ameshajifungia taa mwenyewe. Taa mbili za pikipiki amezikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na inayowaka ni moja tu. Waya mwembamba wa redio umetoka betrini moja kwa moja, hauna fyuzi, umepita juu ya bomba la moshi, na pale ulipoungwa amezungushia mfuko wa nailoni. Ganda la waya lilikuwa limeanza kuyeyuka. Nilifoka. Nikamuuliza kama alikuwa anataka kulima au kujichoma. Akasema, "Sasa si ndiyo maana nimekuomba wewe?"

Nikang'oa uchafu ule wote, nikaanza upya. Kwanza nikachomoa waya wa hasi kwenye betri, maana siingizi mkono kwenye umeme wa mtu kabla ya hapo, hata wa mzazi wangu. Halafu nikapiga hesabu ya dinamo. Trekta la zamani halizalishi umeme mwingi. Ukilibebesha taa kubwa za kizamani, betri inakata roho kabla hujamaliza nusu ekari. Nikachukua taa za LED, zinazokula kidogo. Mbili mbele, mbili nyuma kwenye madigadi ya magurudumu makubwa ziangalie jembe. Nikavuta waya mnene, fyuzi nikaiweka jirani kabisa na betri, nikaweka na rilei ili mzigo wa umeme usipite kwenye swichi. Kila waya ulipopenya kwenye chuma niliuvisha mpira, maana mtikisiko wa trekta hukata kama kisu. Nikaukimbiza mbali na bomba la moshi. Pale pa kufunga earthi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Taa za nyuma nikazipa swichi yake, ili akitoka barabarani azizime asimpofushe anayemfuata. Mpaka leo naweza kumwonyesha mtu yeyote kazi ile bila kuona haya.

Baba alikaa kwenye ndoo kando yangu, ananipa vifaa. Nikisema spana namba kumi na tatu, anapitisha vidole kwenye vifaa vyote, anapapasa kimoja kimoja, anatoa kumi na tatu. Nikajisemea moyoni, huyu ndiye fundi wa kweli, vyombo vyake anavijua kwa vidole. Nilijivuna kabisa kuwa binti yake.

Siku hiyo hiyo alikuja mtani wake. Mtani huyu ni mvuvi, jirani yetu miaka mingi, katokea bara, Mmwera. Sisi ni Wamatumbi. Yeye na baba hawajawahi kusalimiana kama watu. Ni "mtumwa wangu" huku na "mtumwa wangu" kule, na mimi tangu mdogo ananiita mke wake. Asiyekuwa wa huku huenda akaona ni ugomvi. Kwetu mtani ana ruhusa. Anakuvua kofia mbele ya wakwe zako, anakuja msibani kwako anaigiza unavyotembea, na hukasiriki. Akisema neno, watu wanacheka, basi.

Akasimama, akatazama taa zangu, akatikisa kichwa. "Mke wangu, unaharibu waya bure. Hizo taa mfungie machoni. Mtumwa wangu huyu ni kipofu! Juzi nimemsikia anaitika 'marahaba, marahaba' njiani. Natazama nani kamwamkia, nakuta ni kisiki cha mkorosho!"

Lo, tulicheka! Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba ndiye aliyecheka kuliko wote, tena alianza kabla yetu. "Kisiki kina adabu kuliko wewe," akamjibu, "wewe huamkii kabisa." Mtani akaendelea. Akasema baba msikitini alivaa viatu vya imamu, akasema alimwaga uji akidhani bakuli liko pale. Tukacheka tena. Sasa nikikumbuka, ninaona kwamba siku ile mtani hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Mganga hajigangi, na mimi fundi nilikuwa hivyo hivyo. Ningeletewa basi lenye dalili zile ningelijua ugonjwa wake kwa dakika mbili. Huyu alikuwa baba yangu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba tatizo ni taa.

Siku ya kujaribu tulifuturu shambani, baba, mimi na mtani, aliyekuja na tende zake na maneno yake. Mama alibaki nyumbani anangoja majibu. Tukaswali magharibi juu ya mkeka. Kisha baba akapanda, akanyoosha mgongo, akawasha. Nikamwonyesha swichi, akabonyeza.

Wallahi, zilipendeza. Shamba lote lilitoka kizani. Mabonge ya udongo yalionekana moja moja, na mikorosho ya mpakani ikaonekana majani. Baba akashusha jembe, akaondoka. Mstari wa kwanza ukanyooka. Wa pili ukanyooka. Nilikuwa nacheka peke yangu pembeni. Nilikuwa nimeshatunga namna nitakavyomtangazia mama kwamba ufunguo haumhusu.

Mwisho wa shamba, pale trekta linapogeuzia, niliona mzizi umejitokeza juu ya udongo. Nikasema niuondoe usije ukanasa jembe. Nikaenda, nikachuchumaa kuuvuta, pembeni kidogo ya njia yake. Nilikuwa nimejifunga kanga ya njano, na taa zilikuwa zinanipiga mwili mzima, kivuli changu kimelala mbele yangu kirefu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mtu anayemulikwa vile, nani asimwone?

Baba alifika mwisho, akapunguza mwendo, akageuza upande wangu.

Mtani ndiye aliyeona kwanza. "Simama! Simama! Unamuua mwanao!"

Na baba akacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu juu ya injini. "Ngoja nikumalize wewe kwanza, mtumwa wee!" Akaendelea kuja.

"Sitanii! Simama, nakwambia sitanii!"

Baba akazidi kucheka. Miaka yote waliyojuana, mtani hakuwahi kusema neno bila kuapa kwamba hatanii.

Nikageuza kichwa, nikaona boneti. Nilijaribu kuinuka, kanga ikanivuta chini. Nikapiga ukelele mmoja tu: "Baba!"

Trekta likasimama. Mimi simtanii baba yangu, sijawahi, na sauti yangu ilimfikia pale ambapo ya mtani haikumfikia. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga pindo la kanga yangu. Nilipovuta, ikachanika.

"Ulitokea wapi?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikutokea, baba. Nilikuwa hapa. Kwenye taa."

Akazima injini, taa nikaziacha zinawaka kwa betri. Hasira zilinipanda, sijui za nani. Za kwake, kwa kunidanganya. Za kwangu, kwa kupima dinamo, waya, fyuzi, na kila kitu juu ya trekta lile isipokuwa anayeliendesha. Mtani akaja mbio, anahema. Nilingoja aseme neno lake. Akaenda upande wa baba, akamshika mkono, akasema, "Ndugu yangu, shuka." Sikuwahi kumsikia akimwita baba hivyo. Baba akashuka kama mtoto, anatafuta ardhi kwa mguu.

Tuliketi kwenye mkeka wa kuswalia. Baba akasema mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema huu ni mwaka wa pili. Mbele yake bado anaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini pembeni pamekufa, na jioni ikiingia hata hicho kidogo kinakwisha. "Nilidhani taa zikiwa nyingi zitanitosha," akasema. Mtani alijua, maana alimshika njiani mara mbili akielekea kutumbukia mtaroni, na baba alimwapisha asimwambie mtu. Masikini yule, njia pekee ya kutuambia bila kuvunja kiapo ilikuwa ni kututania, na sisi tulicheka mpaka tukashika milango. Baada ya Idi tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi; matone ni ya kulinda kilichobaki.

Lakini jioni ile hatukuwa tunajua hayo. Tulikuwa watatu kwenye mkeka, taa zinawaka. Baba akauliza:

"Zinafika wapi, taa zako?"

"Mbali, baba."

"Mbali wapi? Niambie vizuri."

Nikamwambia. Nikamwambia zinafika mpaka mikorosho ya mpakani, na kwenye mkorosho wa tatu kuna tawi limevunjika. Nikamwambia mistari yake miwili imenyooka, udongo umelala vizuri, mweusi, bado una maji. Nikamwambia kuna nondo wengi wanazunguka taa ya kushoto. Alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, kila nikitaja kitu anaitikia "ehe," kama anakipokea mkononi.

Nilipomaliza akainuka, akajishika begani kwangu. Akatoa ufunguo, akautafuta mkono wangu, akauweka humo.

"Imebaki mistari mitatu ile sehemu ya chini," akasema. "Imalize kabla ya isha. Usivute sana jembe, linachimba kushoto."

Nikapanda kwenye gunia lake, lilikuwa bado na joto. Nililima ile mistari mitatu nikilia kwa sauti kama mtoto, na nilishukuru injini ile ina kelele.